Bakteria wa kipindupindu na kapsuli "za kujikinga": kwa nini kinga hii inatuponza

Mvua kubwa zikinyesha Dar es Salaam, maneno mawili huanza kusikika redioni karibu kwa pamoja: mafuriko na kipindupindu. Ugonjwa ukithibitishwa, mabwana afya wanapita mitaani, wauza juisi na matunda yaliyokatwa wanaambiwa wasimamishe biashara, na kwenye maduka ya dawa wateja wanaongezeka. Wapo walioumwa kweli. Lakini wapo pia wazima kabisa, wanaotaka kapsuli tano au kumi za antibiotiki "za kujikinga tu, maana huku kwetu hali mbaya".

Hofu yao inaeleweka. Kipindupindu kinaweza kumchukua mtu mwenye afya asubuhi na kumuua kabla ya jua kuzama. Nani angekaa tu akisubiri?

Shida ni kwamba kinga hiyo haiwi kinga, na Tanzania ilishawahi kuijaribu kwa kiwango kikubwa ikaona matokeo yake. Tutafika huko. Ila kwanza twende taratibu tumjue huyu bakteria mwenyewe: anaishi wapi, anakula nini, sumu yake aliipata wapi, na ni bakteria gani wengine wanaotulinda dhidi yake. Ukishajua hayo, swali la kapsuli litajijibu lenyewe.

Kwao ni majini, si tumboni mwako

Jina lake la kitaalamu ni Vibrio cholerae. Ukimtazama kwa hadubini utaona kijiti kifupi kilichopinda kidogo, kama alama ya mkato, chenye mkia mmoja wa kuogelea. Urefu wake ni kama mikromita mbili. Maana yake ukiwapanga 500 kwa mstari mmoja, ndipo unapata milimita moja.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba bakteria huyu anaishi ndani ya binadamu tu, na kwamba akitoka kwenda kwenye maji anakufa baada ya siku chache. Mtu aliyepindua fikra hiyo ni Rita Colwell, mwanamikrobiolojia wa Marekani. Kuanzia miaka ya 1970 yeye na wenzake walimkuta Vibrio cholerae kwenye maji ya ghuba ya Chesapeake, mahali ambapo hapakuwa na mlipuko wowote wa ugonjwa. Kumbe ndiyo kwao. Anapenda maji ya vuguvugu yenye chumvi ya wastani, yaani pale mto unapokutana na bahari. Hali ya maji ikiwa mbaya, anaweza kusinyaa na kukaa kama amelala: yu hai, lakini ukijaribu kumwotesha maabara kwa njia za kawaida haoti. Ndiyo maana watafiti wa zamani walidhani amekufa.

Sasa huko majini anafanya nini? Anafanya usafi.

Kwenye maji hayo kuna viumbe wadogo sana wanaoitwa kopepodi, ndugu wa mbali wa kamba na kaa. Ganda lao limetengenezwa kwa kaitini, kitu kilekile kinacholifanya ganda la kamba liwe gumu na kinachopatikana pia kwenye gamba la mende na panzi. Kopepodi wanapokua hujivua ganda la zamani na kuvaa jipya. Zidisha hilo kwa idadi ya kopepodi, kamba na kaa wote waliomo baharini, halafu jiulize: maganda hayo yote yanaenda wapi? Yangekuwa hayaozi, kaboni na nitrojeni nyingi sana ingebaki imefungwa ndani yake, chini ya bahari, na viumbe wengine wangekosa mahitaji yao.

Wanaoyafungua maganda hayo ni bakteria, na Vibrio cholerae ni mmoja wao. Ana vimeng'enya vya kukatakata kaitini na kuigeuza chakula. Kwa hiyo anaganda juu ya kopepodi, hai au aliyekufa, anajenga utando, anakula na kuzaana. Kopepodi mmoja anaweza kubeba maelfu ya bakteria hawa.

Taarifa hii si ya kujifurahisha tu. Kama bakteria wanapanda juu ya kopepodi, basi ukimchuja kopepodi umewachuja na wao wengi. Colwell na wenzake walilijaribu wazo hili kwenye vijiji 65 vya eneo la Matlab, Bangladesh. Waliwaomba akina mama wachuje maji ya kunywa kwa kitambaa cha sari kilichochakaa, kilichokunjwa angalau mara nne. Sari kuukuu ilifaa kuliko mpya, kwa sababu nyuzi zake zimeshalegea na kujaza matundu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu walipungua kwa karibu nusu. Kwa kitambaa tu! Lakini usichukue habari hii kama ruhusa ya kuacha kuchemsha maji. Bakteria anayeelea peke yake anapita kwenye kitambaa bila shida, na nusu iliyobaki bado ni watu wengi.

Sumu ya kuazima

Mpaka hapa tunaye kiumbe wa baharini mwenye shughuli zake. Amegeukaje kuwa muuaji?

Kwanza ujue kwamba Vibrio cholerae ni ukoo mkubwa. Wataalamu wameshawagawa katika makundi zaidi ya 200 kwa kutazama sukari zilizo kwenye ngozi yao ya nje. Kati ya makundi yote hayo, ni mawili tu yanayosababisha milipuko mikubwa: O1 na O139. Wengi wa waliobaki hawana hata jeni la kutengeneza sumu ya kipindupindu.

Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha jambo la kushangaza. Jeni la sumu ile asili yake si la bakteria. Ni la virusi. Wapo virusi ambao hawana habari na binadamu, wanawinda bakteria tu. Tunawaita faji. Faji mmoja wa aina hiyo huingia ndani ya Vibrio cholerae, lakini badala ya kumpasua anajipachika kwenye DNA yake na kukaa humo kama mpangaji. Mpangaji huyu amekuja na mizigo yake, na ndani ya mizigo hiyo kuna jeni la sumu. Kuanzia siku hiyo bakteria na watoto wake wote wanao uwezo wa kuitengeneza.

Bakteria wana tabia hii ya kupeana jeni kuliko tunavyofikiria. Sisi tunarithi kutoka kwa baba na mama, basi. Bakteria wanaweza kupewa jeni na virusi, au na jirani wa jamii nyingine kabisa, au hata kuokota DNA ya mwenzao aliyekufa. Vibrio cholerae hasa akiwa amekaa juu ya kaitini huwasha mitambo yake ya kuokota DNA. Shika jambo hili la kupeana jeni, tutalihitaji mbele.

Sumu yenyewe inafanya kazi hivi. Bakteria akifika kwenye utumbo mwembamba anashikamana na ukuta na kuachia sumu. Sumu inaingia ndani ya seli za ukuta ule na kubonyeza swichi moja iliyokwama ikiwa imewashwa. Seli inaanza kusukuma kloridi nje, kuelekea ndani ya utumbo, bila kukoma. Chumvi ikienda, maji yanaifuata. Ndiyo maana mgonjwa anaharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele. Kwa mgonjwa mahututi mwili unaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa.

Angalia vizuri: bakteria hajala nyama ya utumbo wala hajatoboa kitu. Seli bado nzima. Kinachoua ni upotevu wa maji na chumvi. Damu inapungua ujazo, shinikizo linashuka, figo zinasimama. Mgonjwa mahututi asipotibiwa, uwezekano wa kufa unaweza kufikia nusu kwa nusu. Akitibiwa mapema na vizuri, wanaokufa hawafiki mmoja kati ya 100.

Na bakteria anafaidika nini na haya yote? Anasafirishwa. Mililita moja tu ya choo cha mgonjwa inaweza kuwa na bakteria kuanzia milioni 10 hadi bilioni moja. Kwa yeye, kuharisha ni basi la kurudia majini.

Mlango uliobaki wazi

Kwa kuwa seli za utumbo ni nzima, kuna mlango mmoja ambao sumu haiufungi. Kwenye ukuta wa utumbo kuna protini inayopitisha glukosi na sodiamu kwa pamoja. Hapitishi mmoja bila mwenzake. Robert Crane alieleza wazo hili mwaka 1960. Kipindupindu kinavuruga njia nyingine, lakini mlango huu unaendelea kufanya kazi hata mgonjwa akiwa anaharisha vibaya.

Umeshaona kinachofuata? Ukimpa mgonjwa maji matupu, mengi yanapita na kutoka. Ukimpa maji ya chumvi peke yake, hali ni hiyohiyo. Lakini ukichanganya chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, mlango unafunguka, sodiamu inaingia mwilini, na maji yanaifuata. Hiyo ndiyo ORS. Sukari yake haipo kwa ajili ya utamu wala nguvu. Ni ufunguo.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, mamilioni ya wakimbizi walivuka kuingia India na kipindupindu kikalipuka kambini. Kule Bongaon, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu. Akaamua kuchanganya chumvi na sukari kwenye mapipa na kuwaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia nne. Leo inakadiriwa kwamba ORS imeokoa maisha ya zaidi ya watu milioni 50 duniani.

Tazama kilichotokea hapo: hakuna bakteria hata mmoja aliyeuawa na ORS. Mgonjwa alirudishiwa maji, na mwili wenyewe ukamtoa mgeni ndani ya siku chache. Tumezoea kufikiri kwamba tiba ya ugonjwa wa bakteria ni kuua bakteria. Kwenye kipindupindu, kinachookoa maisha ni maji. Antibiotiki ni msaidizi tu: kwa mgonjwa aliyezidiwa, inafupisha siku za kuharisha na kupunguza bakteria anaowatoa. Ndiyo maana daktari anaweza kumpa doksisaiklini mgonjwa huyo, huku dripu na ORS vikiendelea.

Walinzi ambao hatuwalipi

Kuna swali ambalo huulizwa kwenye kila mlipuko. Familia moja, chungu kimoja, maji ya ndoo moja. Mmoja anazidiwa, mwingine anaumwa tumbo kidogo, wa tatu hana habari. Kwa nini? Na si jambo la nadra: wengi wa wanaoambukizwa Vibrio cholerae hawaoni dalili kabisa, au wanaharisha kidogo tu na kupona.

Mlinzi wa kwanza ni tindikali ya tumbo. Bakteria huyu hapendi tindikali. Kwenye majaribio ya watu waliojitolea, ilihitajika idadi kubwa mno ya bakteria ili mtu mwenye tindikali ya kawaida augue. Walipopewa kitu cha kupunguza tindikali, idadi iliyotosha kuwaugua ilishuka mara maelfu.

Mlinzi wa pili ni bakteria wenyewe. Mwilini mwako, hasa kwenye utumbo mpana, wamo bakteria wanaokadiriwa kuwa trilioni 38. Hesabu hiyo inakaribia au kuzidi kidogo idadi ya seli zako mwenyewe. Hawakai bure. Wanamalizia kumeng'enya nyuzinyuzi za ugali wa dona, maharage na mboga za majani ambazo wewe huwezi, na kinachobaki kinalisha seli za utumbo mpana. Wanatengeneza vitamini K. Na kwa sababu wameshakalia viti vyote na wanakula kila kinachopita, mgeni akiingia anakuta daladala imejaa.

Mwaka 2014 Ansel Hsiao na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa kipindupindu nchini Bangladesh waliokuwa wanapona, wakatazama bakteria gani wanarudi utumboni na kwa mpangilio gani. Mmoja wa waliowavutia ni Ruminococcus obeum, ambaye idadi yake ilipanda kadiri mgonjwa alivyopona. Walipompandikiza kwenye utumbo wa panya wa maabara, Vibrio cholerae alishindwa kustawi vizuri. Sehemu ya maelezo ni kwamba bakteria huzungumza kwa kemikali, na ujumbe wa R. obeum unamfanya Vibrio apunguze kuwasha jeni zake za kushambulia. Yaani mlinzi hapigani. Anapiga kelele, na mwizi anadhani mtaa umeamka.

Sasa rudi kwenye zile kapsuli. Antibiotiki haina macho. Ukiimeza ukiwa mzima, haikuti Vibrio cholerae wa kuua. Inakuta walinzi. Inapunguza hao, inaacha viti wazi, na kinga yenyewe inaisha dawa ikishatoka mwilini baada ya saa kadhaa au siku chache. Kesho kutwa ukinywa maji machafu, umekutana na adui ukiwa na walinzi wachache kuliko mwanzo.

Hiyo ni hasara yako binafsi. Ipo hasara nyingine ambayo ni ya mtaa mzima.

Tulishajaribu: Tanzania, 1977

Mlipuko wa saba wa kipindupindu duniani ulianzia Indonesia mwaka 1961 na ukafika Afrika mwaka 1970. Mwishoni mwa 1977 Tanzania ilipata mlipuko mkubwa. Dawa iliyotegemewa wakati ule ilikuwa tetrasaiklini, na haikutolewa kwa wagonjwa peke yao. Ilitolewa kwa wingi pia kwa watu wazima wa afya, kama kinga.

Fred Mhalu na wenzake walikuwa wakipima bakteria waliotoka kwa wagonjwa. Mwanzoni mwa mlipuko, bakteria wote waliopimwa walikuwa wanauawa na tetrasaiklini. Baada ya miezi mitano ya kuitumia kwa wingi, kwa tiba na kwa kinga, asilimia 76 ya bakteria waliopimwa walikuwa sugu. Matokeo hayo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1979 na yamekuwa yakitajwa duniani kote tangu hapo. Miezi mitano tu. Mahindi yaliyopandwa mlipuko ulipoanza yangekuwa ndiyo kwanza yanavunwa.

Imewezekanaje haraka hivyo? Watu wengi husema "mwili umezoea dawa". Hapana, mwili haujazoea chochote. Waliobadilika ni bakteria, na kubadilika kwenyewe ni hesabu tu. Chukua bakteria bilioni moja. Kati yao wachache wana jeni la kuhimili dawa, labda kwa bahati, labda wamepewa na jirani. Bila dawa, wachache hao hawaonekani, wamezama kwenye umati. Mwaga dawa: umati unakufa, wachache wanabaki na chakula chote na nafasi yote. Bakteria kwenye mazingira mazuri anagawanyika kila baada ya dakika 20 au 30. Kesho yake umati mpya ni watoto wa wale wachache.

Halafu kumbuka ile tabia ya kupeana jeni. Jeni nyingi za usugu hubebwa kwenye plasmidi, pete ndogo za DNA zinazorukishwa kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, hata wa jamii tofauti. Bakteria wa kawaida wa utumboni mwako, E. koli asiye na madhara, anaweza kuwa ghala la pete hizo. Umemeza kapsuli ukiwa mzima, E. koli wako wakachujwa wakabaki wenye pete. Siku Vibrio anapita hapo, au bakteria wa homa ya matumbo, au wa maambukizi ya njia ya mkojo, anakuta silaha iko tayari. Kwa hiyo kapsuli uliyomeza wewe inaweza kuwa sababu ya dawa kumkatalia mtoto wa jirani, ambaye wala hamjuani.

Ndiyo maana ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kutogawa antibiotiki kwa umma kama kinga ya kipindupindu.

Na tukiwa hapa, neno kuhusu Flagyl, ambayo wengi hukimbilia tumbo likianza tu. Dawa hiyo, metronidazo, hulenga amiba, giadia na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Siyo dawa ya kipindupindu. Saa unazozipoteza ukisubiri ifanye kazi ndizo saa ulizopaswa kunywa ORS.

Mto hauendi mikoani kwa basi

Unaweza kusema: kama bakteria yuko baharini na mitoni siku zote, basi tumeshindwa, hawezi kwisha. Hapa jenetiki imetusaidia sana.

Mwaka 2017 kundi la watafiti lililoongozwa na François-Xavier Weill lilichapisha uchunguzi wa DNA ya Vibrio cholerae zaidi ya 1,000 waliokusanywa tangu mlipuko wa saba ulipoingia Afrika. Walipochora ukoo wao, waliona kwamba aina zilizosababisha milipuko mikubwa barani zililetwa kutoka Asia angalau mara 11, kisha zikasambaa nchi hadi nchi. Yaani walioleta balaa si wale Vibrio wenyeji wa kwenye mikoko. Ni wale wenye sumu, waliosafiri ndani ya matumbo ya watu.

Hata kabla ya uchunguzi wa DNA kuwezekana, daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar katika karne ya 19, alishaandika kitabu kilichochapishwa 1876 akifuatilia jinsi kipindupindu kilivyofuata njia za biashara za Afrika Mashariki. Bakteria hawezi kupanda mlima peke yake. Anahitaji mtu, na baada ya mtu anahitaji maji ya kunywa yaliyokutana na choo.

Hapo ndipo mlipuko unapoweza kukatwa, na hapo tena tunakutana na bakteria, safari hii wakiwa upande wetu. Kwenye mabwawa ya majitaka, kama yale ya Vingunguti, bakteria ndio wafanyakazi wakuu. Wanakula uchafu uliomo, wakisaidiana na mwani unaowapa oksijeni kwa kutumia jua. Kadiri maji yanavyotembea polepole kutoka bwawa moja kwenda jingine, vimelea wa magonjwa wanapungua: wanakosa chakula, wanaliwa, wanachomwa na jua. Hakuna mashine kubwa. Ni bakteria wengi, jua na muda. Bwawa likizidiwa, au majitaka yakimwagwa mtaroni wakati wa mvua kabla ya kufika huko, kazi hiyo haifanyiki, na choo cha mgonjwa kinaingia kwenye kisima.

Na chanjo ipo. Zanzibar mwaka 2009 watu karibu 24,000 walipewa dozi mbili za chanjo ya kumeza, na tathmini iliyochapishwa 2012 ilionyesha kwamba iliwakinga waliochanjwa kwa asilimia 79. Hiyo ndiyo kinga ya kumeza inayostahili foleni.

Basi ufanye nini?

Mlipuko ukitangazwa mtaani kwenu, haya ndiyo yanayofuata mantiki ya bakteria mwenyewe:

1. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, kisichochotwa kwa kikombe cha kila mtu.

2. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika na kula. Chakula kiliwe cha moto.

3. Weka pakiti za ORS ndani kabla hazijahitajika. Pakiti moja kwa kiasi cha maji kilichoandikwa, bila kupunguza wala kuongeza. Ukikosa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya usawa, si vya mlima. Chumvi ikizidi inaleta madhara, kwa hiyo pima.

4. Mtu akianza kuharisha maji mengi, aanze ORS papo hapo na mwende kituo cha afya. Aendelee kunywa njiani. Akitapika, subirini dakika kama 10, kisha aendelee kidogokidogo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Macho yakiingia ndani, ngozi ikivutwa inachelewa kurudi, au mgonjwa amelegea, hapo ni dripu, na ni haraka.

5. Antibiotiki aandike mtaalamu, kwa mgonjwa anayezihitaji. Ukiwa mzima, hela ya kapsuli nunulia sabuni na ORS.

Ukiangalia orodha hiyo, hakuna mahali tumesema tuwamalize bakteria. Hatuwezi, na tukiweza tutajiumiza. Vibrio cholerae atabaki baharini akila maganda ya kopepodi, na ni vema aendelee. Walio tumboni mwako tunawahitaji, na wa kwenye bwawa la majitaka tunawahitaji zaidi mvua zikianza. Tunachotakiwa ni kuhakikisha kwamba choo cha mtu mmoja hakifiki kwenye kikombe cha mwingine, na kwamba dawa tuliyo nayo itafanya kazi siku mgonjwa atakapoihitaji kweli. Kwa hiyo jirani akikuambia anakwenda kununua "za kujikinga", mweleze habari ya 1977, kisha mwonyeshe jinsi ya kupima ORS.